Kilio Ambacho Redio Haikukitangaza

Jambo zenu, wakubwa kwa wadogo. Nashukuru kwa mikrofoni hii, ingawa nawaambia kweli, inanitisha kidogo. Nimeongea kwenye mikrofoni karibu maisha yangu yote ya utu uzima, lakini siku zote nikiwa ndani ya chumba kidogo chenye magodoro ukutani, bila kuona uso wa mtu. Leo nawaona wote. Namwona hata yule ndugu wa pale mlangoni anayechungulia simu yake. Usiifiche, ndugu. Habari yangu inaihusu.

Tumeombwa, sisi watu wa redio ndogo za mitaa pamoja nanyi mnaotulelea makundi ya simu, kila mmoja aseme alivyoanguka na alivyosimama tena. Ndugu wa Mokambo amesema yake, na mama aliyetoka Mitwaba ametutoa machozi. Yangu ni ya hapa hapa Lubumbashi. Sitamtaja mtu kwa jina. Wengi wa waliokuwepo tunaishi avenue moja, barabara moja ya mtaa, na asubuhi tunasalimiana.

Kwanza nieleze kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa ni kitu gani kilitufungia ndani. Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma komunike za asubuhi. Nyinyi wa hapa mnajua: mtu akifa, familia inakuja redioni, na mimi natangaza nani amefariki, mtoto wa nani, mume wa nani, na kilio kinafanyika avenue gani. Huku kwetu, tunaposema kilio, hatusemi machozi tu. Ni ile nyumba yenyewe ya msiba, mikeka uani, wamama wanaopika, nyimbo, watu wanaolala nje hadi maziko. Na ili mgeni asipotee, familia inakata matawi mabichi na kuyaweka barabarani, mwanzo wa avenue. Majani yanaonyesha mahali. Redio inasema ni nani. Vitu hivyo viwili vimetembea pamoja tangu nikiwa mtoto, na hakuna aliyewahi kujiuliza ingekuwaje kimoja kikikosekana.

Basi, ukaja ule mwaka ambao kila kitu kilianza kubomoka. Huko kaskazini vijiji vilikuwa vinakimbiwa, na watu walikuwa wanafika mjini na magodoro vichwani. Unga ulikuwa umepungua kwa sababu malori hayakupita mpakani kama zamani. Umeme ulikuwa unakuja kama mgeni asiyependa kukaa. Kila siku mtu alikuwa anasema kwamba watu wenye silaha wataingia mjini, na kila siku hawakuingia, na hiyo haikututuliza hata kidogo.

Redio yetu ilikuwa ghorofani, juu ya depo ya mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kivu Kaskazini, ambaye nyumba yake ilikuwa uani nyuma ya depo. Alikuwa anauza unga, chumvi na mafuta ya kupikia kwa jumla, mkristo wa kanisa kama letu, mtu wa maneno machache. Umeme ulipokatika alikuwa anatuvutia waya kutoka kwenye jenereta yake bila kutuuliza kitu. Lakini petroli nayo ikaanza kuadimika. Tukapunguza matangazo, tukabaki na asubuhi na jioni, kisha asubuhi peke yake.

Hapo ndipo mkuu wetu alipokuja na wazo la kundi. Alisema, "Bantu hawatusikii tena mu redio, lakini simu iko mu mukono ya kila muntu. Tubafwate kule beko." Na nawaambia, ndugu zangu, wazo lilikuwa zuri. Msije mkatoka hapa mkisema kwamba nimekuja kusema vibaya juu ya makundi ya simu. Alifungua kundi moja kubwa kwa jina la redio, akatoa kiungo cha kuingilia, akasema kila msikilizaji amwalike mwenzake. Tukakitangaza hewani, tukakiandika kwa chaki ukutani kwenye kinu cha unga. Watu wakaingia, na wengine wakaingia, mpaka nikaacha kujua ni akina nani.

Mwanzoni lilikuwa furaha tupu. Mtu alikuwa anauliza, "Maji inatoka wapi leo?" na wengine wanamjibu. Mwingine anasema kinu gani kinasaga. Sisi katika chumba cha habari tulikuwa tunachukua maswali yao na kuyafanyia kazi, na jibu likipatikana tunalirudisha kwa sauti. Watu walikuwa wanasema, "Ile redio inatusikia." Mkuu alikuwa anatazama kundi likinenepa, anacheka peke yake. Tulidhani kila aliyeingia ni msikilizaji wetu.

Lakini nisikilizeni vizuri hapa, hasa nyinyi vijana mnaoanza. Mlango ambao kila mtu anaingia bila kusalimia, siku moja hutamjua aliye ndani. Kadiri umeme ulivyozidi kukosekana, sauti yetu ilizidi kupungua, na sauti ya kundi ikazidi kupanda. Zamani sisi tulikuwa tunasema na wao wanajibu. Sasa walikuwa wanasema wenyewe kwa wenyewe, kwa jina letu juu, na sisi tunakimbia nyuma yao. Picha ya moshi inaletwa: "Banaingia!" Nampigia simu mtu wa avenue ile, naambiwa ni mtu anachoma taka. Kabla sijaandika hivyo, picha nyingine imeshakuja. Simu yangu ilikuwa inatetemeka mezani, inatetemeka kanisani ndani ya mkoba, inatetemeka ninaposonga bukari, ugali wetu, siku ambazo bukari ilikuwepo. Sikuweza kuizima kwa sababu huenda ujumbe unaofuata ndio wa kweli. Sikuweza kuisoma yote kwa sababu haina mwisho. Niseme nini? Nilikuwa kama mtu aliyefungiwa sokoni na kila muuzaji anamwita yeye.

Kisha wenzangu wakaanza kuondoka. Siwalaumu. Mkuu naye akapeleka familia yake ng'ambo ya mpaka, na simu yake haikupatikana tena. Na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na uwezo wa kulifunga kundi au kumtoa mtu. Tulibaki wawili: mimi na fundi wetu wa mitambo, mtu mnene, mcheshi, ambaye alikataa kuondoka kwa sababu, alisema, hakuna gari linaloweza kumbeba pamoja na mitambo yake.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi ya jua kali. Nilikuwa nimekaa ghorofani na fundi, mitambo imezimika. Tukasikia hatua za mtu kwenye ngazi. Ni mfanyabiashara wa chini. Alisimama mlangoni bila kuingia, kofia mkononi.

"Mama," akaniambia, "mama yangu amefariki. Jana. Kule kwetu."

Tukasimama. Nikamwambia pole, na fundi akamshika mkono.

"Njia ya barabara haiko," akasema. "Nimepiga simu uwanja wa Luano, ndege pia hakuna. Watamzika bila mimi. Nimefikiri tufanye kilio hapa, kwetu nyumbani, ili na mimi nimlie. Unisomee komunike, mama."

Nikamtazama fundi. Fundi akatazama chini.

"Courant haiko," fundi akasema, yaani umeme. "Na petroli ya jenereta njo ile ilimalizika juzi, mukubwa. Ile ulitupatia njo ya mwisho."

Yule mzee akavaa kofia yake. Halafu akasema, "Basi. Majani yatasema."

Akashuka. Ndugu zangu, maneno yale ninayo hadi leo. Majani yatasema.

Wafanyakazi wake wakakata matawi, wakayaweka mwanzo wa avenue, mengi, pande zote mbili, kwa sababu alikuwa anamheshimu mama yake. Ndugu zake wa Kivu wanaoishi mjini wakaanza kufika, wawili wawili, kimya, kwa sababu siku zile hakuna aliyependa kutembea kwa kundi. Lango kubwa la chuma likafunguliwa kidogo, likafungwa. Likafunguliwa, likafungwa. Na kwa kuwa watu wa kilio lazima wale, mifuko ya unga ikatolewa depo, ikabebwa mabegani hadi uani. Mimi na fundi tukashuka kukaa nao. Mke wa mfanyabiashara alikuwa ameketi kwenye mkeka, kitambaa kichwani, na wanawake wa kwao wamemzunguka wanalia pamoja naye.

Simu ikatetemeka.

Mtu alikuwa amepiga picha kutoka ng'ambo ya barabara. Matawi yanaonekana, lango limefunguka nusu, mwanaume amebeba mfuko wa unga, na wanaume wengine watatu au wanne wameinamisha nyuso. Chini ya picha ameandika, "Barrière! Beko banafunga avenue. Beko banaficha unga, na bantu ba silaha beko mule ndani."

Mtauliza, na nilijiuliza mimi pia: mtu wa Lubumbashi anawezaje kuona matawi barabarani asijue ni kilio? Ndugu zangu, angejua kila siku nyingine. Lakini asubuhi ile redio haikusema kitu. Hakuna aliyesikia nani amekufa. Majani bila jina yalikuwa matawi tu, na mwaka ule matawi barabarani yalikuwa na maana nyingine: kizuizi cha watu wenye silaha.

Nikaandika haraka, "Iko kilio. Mama ya muzee wa depo amefariki." Ujumbe wangu ukamezwa kabla sijauondolea macho. Mmoja tu ndiye aliyeuona, akajibu, "Kilio ya nani? Redio haikusema kintu." Mwingine akafuata, "Ile mama ya redio anakulaka kwa ule muzee. Courant yabo inatokaka wapi?" Kisha nikaona neno ambalo sitalisahau: "Twendeni."

Kundi letu lenyewe. Lile tulilolilisha kwa mikono yetu, lenye jina letu juu.

Walifika kabla ya mchana. Kwanza wachache, wakasimama kwenye matawi, kisha barabara ikajaa. Nilichungulia kwenye upenyo wa lango. Sikuona majambazi. Niliona watu ninaowajua, mwanaume anayenirekebishia viatu, mama ninayekutana naye kwenye bomba. Watu wenye njaa. Mimi pia watoto wangu walikuwa wanaomba bukari na ninawapa viazi. Jiwe la kwanza likapiga bati. La pili likapiga lango, na chuma kile kikalia kama ngoma.

Tukapiga simu kila mahali. Askari walikuwa wamepelekwa kwenye barabara kubwa za kuingilia mji, hakuna aliyepokea. Uani kulikuwa hakuna mlango wa pili. Ukuta wa nyuma una vipande vya chupa juu yake, na ng'ambo yake pia tulikuwa tunasikia sauti. Jiwe likampata fundi begani. Akakaa chini kwenye ngazi, akasema, "Miye niliwaambia hakuna gari ya kunibeba, sasa banataka kunipunguza," lakini hakucheka, na sisi hatukucheka.

Na sasa nawaambia kitu kilichoniumiza kuliko mawe. Wanawake waliacha kulia. Lango lilipopigwa, mmoja alisema "sss", na wote wakaziba midomo kwa vitenge. Waliogopa kwamba watu wa nje wakisikia sauti nyingi watasema ni kweli, mule ndani kuna jeshi. Mke wa mfanyabiashara aliuma ncha ya kitambaa chake, na mabega yake yanatikisika, na hakuna sauti inayotoka. Mimi nimetangaza misiba mingi kuliko nywele zangu za mvi. Sijawahi kuona msiba ambao mtu amekatazwa kulia.

Tulikaa hivyo muda mrefu, jua juu yetu, mawe yakija na kupumzika na kuja tena. Simu mkononi mwangu ilikuwa inaniambia kila kitu kilichokuwa kinasemwa nje. Nilikuwa nimefungiwa mara mbili, ndani ya ua na ndani ya kundi. Mtu mmoja akaandika, "Mumesikia? Kimya kabisa mule. Kilio gani bantu banakalaka kimya?"

Nikausoma ujumbe ule kwa sauti, kwa uchungu tu, sikuwa na mpango wowote. Fundi, bado ameshika bega lake, akaniangalia.

"Mama, huyu muntu iko na haki," akasema.

"Haki gani?"

"Kilio haikalake kimya. Na haikosake komunike. Sasa shiye tunafanya kilio gani hapa? Usome."

"Nisome wapi? Mitambo imekufa."

"Simu yako imekufa? Weye unasomaka na mitambo ao na kinywa?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo kitu kilipogeuka ndani yangu. Tangu kundi lifunguliwe nilikuwa nabishana nalo, namjibu huyu, namkana yule. Nilikuwa nimeacha kazi yangu. Kazi yangu ni komunike.

Nikamwomba yule mzee jina la mama yake, la baba wa mama yake, na la kijiji. Akanipa, kila jina taratibu. Nikamwambia mke wake, "Mama, lia." Akanitazama kama mtu asiyeelewa. Nikamwambia tena, "Ulie kwa nguvu. Na ninyi wote. Tafadhali." Akakitoa kitambaa mdomoni. Sauti iliyotoka ilikuwa imekaa ndani muda mrefu, na ilipotoka, wale wengine wakaipokea. Mimi nikaweka simu karibu na kinywa, nikabonyeza irekodi, nikasoma kama nilivyosoma kila asubuhi, kwa utaratibu, bila kuharakisha, huku vilio vile vikisikika nyuma yangu. Nikatangaza jina lake, watoto wake, jinsi mwanawe asivyoweza kufika kumzika. Nikamaliza kama siku zote: kilio kinafanyika hapa kwetu, avenue yenye majani.

Sasa, niitume wapi? Fundi alisema, "Mu groupe." Nikakataa. Mule ingezama kama ujumbe wangu wa kwanza. Nikakumbuka wamama fulani. Kabla kundi lolote halijawepo, kila asubuhi baada ya komunike, walikuwa wananipigia simu: "Umesema avenue gani, mama? Ni huyu aliyekuwa anauza samaki?" Ni wale ambao katika kila mtaa hawakosi kilio, wanaojua nani alete sufuria na nani aanzishe wimbo. Namba zao nilikuwa nazo. Nikawatumia mmoja mmoja, kwa jina, na maneno machache: "Mama, tumefiwa. Bantu banatuzuia kulia. Mukuye." Yaani, mje.

Mtandao ulikuwa dhaifu. Ile alama ya kuonyesha ujumbe umefika ilichelewa, ikatokea kwa mmoja, ikachelewa tena. Hakuna aliyejibu. Nikaiweka simu chini kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikaigeuza kifudifudi. Nikakaa karibu na mke wa mfanyabiashara, nikalia naye.

Tulisikia wimbo kwanza. Ulitoka mbali, upande wa kinu, wimbo wa kilio ule ambao sisi wote tunaujua, polepole, sauti za wanawake. Mawe yakanyamaza. Nikakimbilia kwenye upenyo wa lango. Walikuwa wanakuja katikati ya barabara, vitenge viunoni, mikeka kichwani, masufuria, mafungu ya kuni. Mbele yao alikuwa mama mmoja anayeuza makala, yaani mkaa wa kupikia, mfupi, mweusi wa vumbi la makala hadi kwenye viwiko, mfuko wake kichwani. Wakafika kwenye umati na hawakusimama. Wakaupita kama mtu anavyopita kwenye mlango wa nyumba yake.

Mwanaume mmoja akamwambia, "Mama, usiingie, mule iko hatari. Beko na unga mule!"

"Njo iko unga," yule mama akajibu bila kushusha mfuko. "Ku kilio ulitaka bapike nini, mchanga?"

Watu wakacheka kidogo, cheko la aibu.

"Basema beko na silaha…"

"Nani asema? Weye uliona? Miye nimesikia na sikio yangu, mama ya redio amesoma komunike, amesema jina la maiti, na bantu banalia. Weye ulikuya ku kilio na kofia ku kichwa? Mama yako hakukufundisha? Toa!"

Na yule mwanaume, ndugu zangu, mtu mzima mwenye ndevu, akavua kofia. Mkono wake wa pili ulikuwa na jiwe. Mama akaliona.

"Na ile?"

Mwanaume akalificha nyuma ya mgongo.

"Ile inatosha muzuri. Lete. Tunakosa mafiga ya kupikia. Na nyiye wengine muko na mawe, mulete, mulete, hapana kutupa, iko kazi."

Lango likafunguliwa. Wamama wakaingia na wimbo wao, na nyuma yao yule mwanaume ameshika jiwe kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kitu cha kanisa. Akainama, akaliweka chini uani, mahali alipoonyeshwa, na mwingine akaleta la pili, na mwingine la tatu. Moto ukawashwa kati ya mawe yale kwa makala ya yule mama. Wengi wa umati waliondoka kimya, bila kuagana. Wengine walikaa kwenye mikeka. Walikula bukari pamoja nasi, na yule mfanyabiashara alipita mwenyewe na sahani, akimpa kila mtu, hata wale waliotupiga mawe.

Sitaki kuwadanganya kwamba yote yakapona siku ile. Bega la fundi linamuuma baridi ikija. Mfanyabiashara alifunga depo kwa muda mrefu, na mke wake hakupita tena kwenye lango lile peke yake, lazima awe na mtu pembeni. Aliniambia, "Nikiona simu imeinuliwa mbele yangu, miguu inakufa." Na redio ilibaki kimya hadi umeme uliporudi.

Lakini katika ule ukimya ndipo tulipojifunza kazi, na ndiyo ninayotaka mwondoke nayo. Tuliwaomba wale wamama watulelee makundi. Tukaacha lile kundi kubwa, tukaanza upya kwa avenue, kila avenue na kundi lake dogo, na mlezi ni yule anayewajua watu kwa nyuso. Mtu anaingia kwa kujulishwa na mwenzake: huyu ni nani, anakaa wapi. Asubuhi, kabla ya neno lolote jingine, natuma komunike kwa sauti. Baadaye tunauliza swali moja tu, na tunalifuatilia mpaka mwisho, na jibu tunalirudisha kwa yule yule aliyeuliza. Picha ikija, mlezi anatembea kwenda kuona. Akiwa hajaona, tunasema kwa sauti, bila aibu: bado hatujui. Mngeshangaa jinsi watu wanavyotulia wakisikia maneno hayo. Mkuu wetu aliporudi, alitazama makundi yale madogo akauliza, "Na wasikilizaji wengine wako wapi?" Fundi akamwambia, "Wasikilizaji njo hawa, chef. Wale wengine balikuwa bapita njia." Umeme uliporudi na tukafungua hewa, simu za wasikilizaji hazikuacha kuita, na kila mmoja alianza kwa kutaja avenue yake.

Nilielewa kitu ambacho hakuna semina iliyonifundisha. Mtu hakai nawe kwa sababu una habari nyingi. Anakaa kwa sababu anajua siku ya msiba wake utalitaja jina sawasawa, na watu watakuja. Kama unalea kundi na leo umechoka, umezungukwa na kelele, unaona huna njia ya kutoka, nakuambia kwa upendo: usibishane na kelele. Rudi kwenye kazi yako ndogo unayoijua, mwite mtu mmoja kwa jina lake, kisha mwingine.

Namshukuru fundi wangu, yuko pale nyuma, amekalia viti viwili. Nawashukuru wamama wa kilio wa mitaa yetu. Namshukuru yule mzee ambaye baada ya yote alinivutia tena waya wa jenereta bila kuniuliza kitu. Namshukuru hata yule mwanaume wa kofia, leo ni mlezi wa kundi la avenue yake, na ni mkali kuliko sisi wote.

Yule mama wa makala simwoni hapa, na nyinyi wa kwetu mnajua sababu. Alitutoka msimu huu wa mvua. Komunike yake niliisoma mimi, mara mbili, maana ya kwanza sauti ilikatika. Nilipotoka redioni nikaenda moja kwa moja kwenye kilio, nikidhani nitakuwa wa kwanza. Nikakuta matawi yamewekwa. Uani, mke wa mfanyabiashara alikuwa ameshafika, amekuja peke yake, kitenge kiunoni, ameinama anapanga mafiga. Na alikuwa analia kwa sauti kubwa, avenue nzima inamsikia.